Bell na sauti iliyotoka ndani ya nuru

Mtaje Alexander Graham Bell popote, iwe ni barazani Mji wa Kale au katika darasa la msingi, na utajibiwa neno moja: simu. Watoto wetu wamelikariri kwa ajili ya mtihani, na si kosa. Lakini mtu huyu aliishi miaka 75, na simu aliivumbua akiwa na miaka 29 tu. Miaka yote iliyobaki alikuwa akifanya nini?

Mimi nimekuwa nikimsoma kwa muda sasa, na kadiri ninavyomsoma ndivyo habari ya simu inavyonipungukia ladha. Kinachonishika ni jambo jengine. Bell alihangaika kutaka kujua yaliyomo ndani ya mwili wa binadamu bila ya kuupasua, akashindwa mbele ya macho ya dunia nzima. Na mwaka mmoja tu kabla ya kushindwa huko, alikuwa amekwisha kukishika mkononi, bila ya kujua, kitu ambacho leo madaktari wanakitumia kutazama uvimbe ndani ya titi la mwanamke.

Alizaliwa Edinburgh, Scotland, tarehe 3 Machi 1847. Kwao sauti ndiyo iliyokuwa kazi na ndiyo iliyokuwa riziki. Babu yake alifundisha matamshi. Baba yake, Alexander Melville Bell, naye alifundisha matamshi, na akatunga alama za maandishi zinazoonyesha ulimi na midomo vinakaaje kwa kila sauti, hata mtu aweze kuitamka lugha asiyoijua kwa kusoma alama tu. Waliosoma tajwidi na kufundishwa makharij watafahamu mara moja hii ni elimu ya namna gani: kila sauti na mahali pake pa kutokea.

Mama yake, Eliza, alikuwa mpiga piano, naye alikuwa kiziwi. Wengine walizungumza naye kwa kupaza sauti ndani ya paipu aliyoiweka sikioni. Mwanawe alikuwa na njia yake mwenyewe. Alisogeza mdomo karibu na paji la uso la mama na kusema kwa sauti nene ya chini, naye mama akaipata kwa mtikisiko. Pia alijifunza alfabeti ya vidole, ili watu wakizungumza sebuleni amfikishie mama yake maneno yao kwa mkono. Basi tangu udogo Bell alilijua jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii: kwamba sauti ni mtikisiko, na kwamba hupita ndani ya nyama na mfupa kama inavyopita hewani. (Alikuwa mtundu pia. Alimzoeza mbwa wa nyumbani kunguruma, kisha akamkandakanda taya na koo mpaka ule mngurumo ukafanana na maneno. Majirani walikuja kutazama.)

Kisha kifua kikuu kikaingia nyumbani. Mwaka 1867 kilimchukua ndugu yake mdogo, Edward. Mwaka 1870 kikamchukua mkubwa, Melville. Wazazi waliobakiwa na mtoto mmoja katika watatu walifunga virago wakavuka bahari hadi Brantford, Ontario, nchini Canada, kutafuta hewa safi. Daktari wa wakati ule hakuwa na la kufanya ila kugonga kifua kwa kidole na kuweka sikio. Hapakuwa na eksirei. Ndani ya mwili kulikuwa giza, na aliyetaka kuona alilazimika kusubiri mgonjwa afe.

Mwaka 1871 Bell alihamia Boston, Marekani, kufundisha watoto viziwi kuzungumza. Kazi hii ndiyo aliyoipenda maisha yake yote. Mmoja katika wanafunzi wake alikuwa Mabel Hubbard, binti wa wakili tajiri, aliyepoteza kusikia akiwa na miaka mitano kwa homa. Ni huyu aliyekuja kuwa mkewe.

Mwaka 1874, kwa msaada wa daktari wa masikio aitwaye Clarence Blake, Bell alipata sikio la maiti. Nakiri moyo wangu haukukaa sawa niliposoma hapo, kwani sisi maiti tuna heshima yake. Lakini ndipo fikra yake ilipofunguka. Alifunga ubua mwembamba kwenye vijifupa vya sikio lile, akazungumza ndani yake, na ule ubua ukachora mawimbi ya sauti juu ya kioo kilichopakwa masizi. Akashangaa vipi ngozi nyembamba kama ile ya ndani ya sikio iweze kutikisa mifupa iliyo mizito kuliko yenyewe. Ikiwa ngozi ndogo yaweza kutikisa mfupa, akawaza, ngozi kubwa zaidi itaweza kutikisa kipande cha chuma, na chuma kikitikisika mbele ya sumaku kitazaa umeme unaofuata umbo la sauti.

Simu yenyewe nitaipita mbio. Hataza namba 174,465 alipewa tarehe 7 Machi 1876, na siku tatu baadaye msaidizi wake, Thomas Watson, aliyekuwa chumba chengine, alimsikia kwa waya akimwita aje. Mvumbuzi mwengine, Elisha Gray, alikuwa amewasilisha karatasi zake siku moja na Bell, na ugomvi huo ulikwenda mahakamani miaka mingi. Kesi alishinda Bell. Julai 1877 alimuoa Mabel, na siku ya harusi akampa karibu hisa zake zote za kampuni ya simu. Kwa lugha yetu tungesema alitoa mahari ya kutosha.

Sasa tufike mwaka 1880, ambao kwangu ndio mwaka mkubwa katika maisha yake. Ufaransa ilimtunuku zawadi ya Volta, faranga 50,000, naye akazitumia kufungua maabara mjini Washington. Pamoja na fundi hodari, Charles Sumner Tainter, akaanza kuliandama wazo lililokuwa likimkosesha usingizi: kusafirisha sauti ya mtu bila waya, kwa nuru ya jua. Alichukua kioo chembamba, akakimulika kwa jua, kisha akazungumza nyuma yake. Kioo kilitikisika kwa sauti, na mwale wa jua uliorudishwa ukatikisika pamoja nacho. Upande wa pili kulikuwa na kipokezi cha seleni, madini ambayo hupitisha umeme zaidi yanapomulikwa. Mwaka huo Tainter alisimama juu ya paa la shule moja mjini Washington, naye Bell dirishani kwake, mita 213 mbali, akasikia maneno yaliyobebwa na jua. Chombo hicho alikiita photophone. Februari ya mwaka ule alikuwa amezaliwa binti yake wa pili, na yasemekana Bell alitaka mtoto apewe jina la chombo chake. Mabel alikataa. Mola amlipe kwa hilo.

Bell alikiona chombo hiki kuwa kikubwa kuliko simu, na hakubadili kauli mpaka anakufa. Watu waliona ni kichekesho. Wingu likipita, sauti imekatika. Mvua ikinyesha, hakuna mazungumzo. Waya ulikuwa rahisi zaidi. Leo nyaya za baharini zilizofikishwa Mombasa mwaka 2009 zinabeba sauti zetu kwa nuru ndani ya nyuzi za kioo, lakini hiyo ni makala ya siku nyingine.

Mimi nataka tutazame kilichotokea pembeni. Katika kujaribu vipokezi, Bell na Tainter waligundua kwamba hata seleni na umeme havikuwa lazima. Walichukua sahani iliyotobolewa matundu, wakaizungusha mbele ya jua ili mwale uwe unakatika na kurudi mara nyingi kwa sekunde, wakauelekeza kwenye kipande chembamba cha mpira mgumu, kisha wakaweka sikio kwenye bomba la kusikilizia. Mpira ulikuwa unaimba. Wakajaribu dhahabu, fedha, shaba, karatasi, mbao, pembe za ndovu. Karibu kila kitu kilitoa sauti kilipomulikwa kwa nuru inayokatika. Walielekeza mwale ndani ya sikio la mtu, bila chombo chochote, na hapo pia sauti ikasikika.

Kila aliyelala chini ya mabati anaijua siri hii. Jua likichomoza ghafla baada ya wingu, bati hutanuka na kulia. Likijificha, hujikunja na kulia tena. Nuru huwa joto, joto huwa mtanuko, na mtanuko huwa sauti. Bell aliona kwamba vitu vyeusi vinavyonywa nuru ndivyo vinavyolia zaidi, na masizi yakawa mabingwa wa wote. Mwaka 1881 alipoigawa nuru ya jua kwa mche wa kioo na kusikiliza rangi moja moja, masizi yaliendelea kulia hata alipopita rangi nyekundu na kuingia pale ambapo jicho halioni kitu, kwenye miale ya infraredi. Mwaka huo huo Mjerumani mmoja aitwaye Wilhelm Röntgen alifanya majaribio kama hayo kwa gesi. Ndiye huyo ambaye mwaka 1895 aligundua eksirei.

Lakini kabla ya eksirei, kulikuwa na risasi.

Tarehe 2 Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani, aliyeshika madaraka miezi minne tu, alipigwa risasi katika stesheni ya treni mjini Washington. Risasi moja ilimkwaruza mkono, ya pili ikamwingia mgongoni na kubaki ndani. Hakufa. Madaktari wakamzunguka, wakiongozwa na Willard Bliss, na mmoja baada ya mwengine akaingiza kidole ndani ya jeraha kuitafuta risasi. Vidole havikuoshwa. Huko Ulaya mafunzo ya Joseph Lister kuhusu kuua vijidudu kabla ya kugusa jeraha yalikwisha kujulikana, lakini madaktari wengi wa Marekani waliyadharau. Sisi ambao tumefundishwa kunawa mikono tangu tukiwa wadogo tutaona ni ajabu, ila hao ndio waliokuwa wakubwa wa taaluma.

Bell alisoma habari hizo akajua ana la kufanya. Alikumbuka kwamba nyaya mbili zilizoviringwa na kuwekwa sawa, ukizipitishia umeme, hunyamaza. Ukizisogeza karibu na chuma chochote, usawa ule huvunjika na simu iliyofungwa hapo hutoa mlio. Alifanya kazi usiku na mchana pamoja na Tainter. Walizificha risasi ndani ya magunia, wakazitafuta. Wakazitia ndani ya nyama ya ng'ombe, wakazitafuta. Wakawaita wanajeshi wa zamani waliobaki na risasi mwilini tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe, na chombo kikalia pale pale.

Tarehe 26 Julai aliingia Ikulu. Chombo kilikuwa na kelele na hakikuonyesha kitu. Baadaye aligundua kuwa sehemu moja ilikuwa imeunganishwa vibaya. Akarudi tarehe 1 Agosti. Safari hii kilitoa mlio hafifu, lakini mlio huo ulienea eneo kubwa, wala haukuwa kama mlio wa risasi moja. Na Bliss alimruhusu kutafuta upande wa kulia peke yake, kwa sababu yeye Bliss alikwisha kutangaza kwamba risasi iko kulia. Siku iliyofuata Bell aliuliza kuhusu kitanda, akaambiwa kwamba chini ya godoro la manyoya ya farasi kulikuwa na godoro jengine la waya wa chuma. Chombo chake kilikuwa kikisikiliza kitanda.

Garfield alikufa tarehe 19 Septemba, mwili umejaa usaha. Alipopasuliwa, risasi ilikutwa upande wa kushoto, nyuma ya kongosho. Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba kilichomuua ni uchafu wa vidole, na huenda risasi peke yake isingemuua. Magazeti yalimfanya Bell kuwa mtu wa kusaka sifa kwa maiti. Mimi naona kisa hiki kimeandikwa kwa makosa tangu siku ile. Chombo kilikuwa sahihi. Aliyeshika mgonjwa hakutaka kiende pale ambapo kingemuumbua. Kila ninaposikia mashine mpya imenunuliwa mahali, namkumbuka Bliss.

Msiba haukuishia hapo. Tarehe 15 Agosti, baina ya jaribio la pili na kifo cha Rais, Mabel alijifungua kabla ya wakati huko Massachusetts. Mtoto wa kiume, wakampa jina la Edward, jina la yule ndugu wa kifua kikuu. Alishindwa kupumua akafa baada ya masaa machache. Bell aliingia kwenye maabara na huzuni yake akatengeneza koti la chuma linalozunguka kifua na kuvuta hewa ili mapafu yafunguke, wazo ambalo miaka 47 baadaye lilikuja kufanyiwa kazi upya Marekani kwa wagonjwa wa polio. Mwaka 1883 alizika mtoto mwengine wa kiume, Robert. Naye kile chombo cha risasi hakukiacha. Alitengeneza sindano iliyounganishwa na simu, ikigusa risasi inalia, na madaktari wa vita waliitumia kabla eksirei haijaenea. Chuo Kikuu cha Heidelberg kilimpa shahada ya heshima ya udaktari mwaka 1886, yeye ambaye hakusoma udaktari siku moja.

Hapa niruke mbele kidogo, kisha nitarudi kwake. Lile jambo la nuru kulia lililala karibu karne nzima. Kulikosekana vitu viwili: nuru kali inayoweza kuwaka na kuzimika kwa kitambo kifupi mno, na sikio la kunasa sauti ndogo kupita kiasi. Leza ya kwanza iliwaka mwaka 1960. Vipokezi vya ultrasaundi, vile ambavyo kina mama wajawazito wanavijua kwa ile jeli ya baridi ya tumboni, vikaboreshwa mwaka hata mwaka. Miaka ya 1990 watafiti nchini Marekani, miongoni mwao Robert Kruger na Alexander Oraevsky, wakaviunganisha viwili hivyo kutazama ndani ya mwili, na Lihong Wang akaiendeleza kazi hiyo mbali sana.

Jaribu hili usiku. Washa tochi ya simu yako, uifunike kwa vidole. Vidole vitawaka vyekundu. Nuru nyekundu inapenya, na jirani yake, infraredi, ile isiyoonekana ambayo rimoti ya televisheni huitumia, inapenya zaidi. Lakini mifupa ya vidole huioni. Sababu ni kwamba nuru ndani ya nyama haiendi moja kwa moja, inatawanyika kama inavyotawanyika ndani ya tui zito. Ukilimulika bakuli la tui, tui lote litang'aa, ila kijiko kilichozama ndani yake hutakiona. Sauti haina taabu hiyo kwa kiasi kile. Mvuvi aliyezama chini ya maji husikia injini ya boti iliyo mbali asiyoweza kuiona. Ultrasaundi nayo ina upungufu wake: huonyesha vizuri mipaka, pale nyama ya aina moja inapokutana na nyingine, lakini haijui rangi. Haiwezi kukwambia damu hii imebeba oksijeni au imemalizika.

Basi madaktari wanaiingiza nuru na kuisubiri sauti. Leza ya infraredi inamulika ngozi kwa muda wa sehemu chache za bilioni moja ya sekunde. Damu huinywa nuru hiyo kuliko nyama iliyoizunguka, kama masizi ya Bell. Joto lake linapanda kwa sehemu ndogo sana ya nyuzi moja, mgonjwa hahisi kitu. Damu inatanuka kidogo, na mtanuko huo unatoa sauti ya juu isiyosikika kwa sikio, inayosafiri ndani ya nyama kwa kasi ya kama mita 1,500 kwa sekunde hadi kwenye kipokezi. Kompyuta inapima sauti imechelewa kiasi gani na kujua imetoka wapi. Ni hesabu ile ile ya mtoto anayehesabu moja, mbili, tatu baina ya mmweko wa radi na ngurumo yake.

Ukitumia rangi mbili tofauti za infraredi unapata na habari ya pili, kwa kuwa damu yenye oksijeni hunywa rangi moja zaidi na isiyo na oksijeni hunywa nyingine. Saratani hujiotea mishipa mingi ya damu na huifuja oksijeni. Ndiyo maana kazi hii imeanza hasa kwenye titi, ambalo ni laini na si nene sana, kwani uwezo wake bado ni sentimita chache tu kutoka kwenye ngozi. Januari 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha mashine inayounganisha leza na ultrasaundi ili kumsaidia daktari kutofautisha uvimbe wa kutisha na usio wa kutisha. Haina mionzi ya eksirei. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, na hata hivyo mama hulazimika kudungwa na kukatwa kinyama cha kupimwa, akakaa na roho juu akingoja majibu. Wapo wanaoikimbia sindano hiyo, na tunawajua.

Lakini liko swali ambalo mimi, kwa ngozi yangu, siwezi kuliacha lipite. Nuru hii inaingilia kwenye ngozi, na weusi wa ngozi, ile melanini, nao unakunywa nuru. Ngozi nyeusi inaikata nuru kabla haijafika ndani, tena yenyewe inalia kama masizi na kuichafua picha. Watafiti wanalijua tatizo hili na wanatafuta njia za kulisahihisha. Si jambo la kubahatisha. Kile kifaa kidogo kinachobana kidole kupima oksijeni, ambacho tulikizoea wakati wa korona, nacho kinatumia nuru nyekundu na infraredi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwishoni mwa 2020 ulionyesha kwamba kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kifaa kilisema mtu yu salama, na hayuko salama. Siku mashine hizi za nuru na sauti zitakapoletwa kwetu, na zitaletwa, maana wako wanaojaribu kutumia taa za LED za bei nafuu badala ya leza, mnunuzi aulize kabla ya bei: imepimwa kwa ngozi za kina nani, na wangapi?

Narudi kwa Bell, kwa sababu suala la kutoulizwa linamhusu yeye pia, na kwa upande mbaya.

Mwaka ule ule wa 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakapitisha kwamba lugha ya ishara iondolewe mashuleni na mtoto kiziwi afundishwe kutamka na kusoma midomo. Bell alikuwa mtetezi mkubwa wa njia hiyo nchini Marekani. Ajabu ni kwamba lugha ya ishara aliijua, tena vizuri. Lakini mkewe alizungumza kwa mdomo na kusoma midomo, na Bell akaona kila kiziwi anaweza na lazima awe kama Mabel. Novemba 1883 alisoma mbele ya wanasayansi andiko la kuonya kwamba viziwi wakioana wao kwa wao watazaa jamii ya viziwi. Hakutaka sheria ya kuwakataza, ila alitaka wasiwekwe katika shule za bweni pamoja, na walimu viziwi wapunguzwe. Baadaye jina lake likawa kwenye mikutano ya wale waliotaka kuchuja uzazi wa binadamu, elimu ambayo tunajua iliwafikisha wapi Wajerumani wa Hitler.

Mtu huyo huyo ndiye aliyempokea baba yake Helen Keller, mtoto asiyeona wala kusikia, akamwonyesha njia iliyomfikisha kwa mwalimu Anne Sullivan mwaka 1887, na akabaki rafiki wa Helen mpaka mwisho. Simtetei na simtupi. Ila viziwi wengi wa leo hawampendi, na wana haki. Watoto walifungwa mikono wasiongee kwa ishara. Iliwachukua mpaka mwaka 2010 mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi, huko Vancouver, kueleza majuto kwa yaliyopitishwa Milan. Mwaka huo huo Katiba yetu ya Kenya iliifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Miaka ya uzeeni aliishi zaidi Beinn Bhreagh, karibu na kijiji cha Baddeck huko Nova Scotia, Canada, akirusha tiara kubwa, akijaribu ndege na boti za kasi. Wazo la kuingia mwilini halikumtoka. Mwaka 1903 alimwandikia daktari mmoja kupendekeza kwamba chembe ya radiamu itiwe ndani ya kijibomba chembamba cha kioo na kuingizwa katikati ya saratani yenyewe, ili iunguzwe kwa ndani. Matibabu ya namna hiyo yapo mpaka leo.

Alifariki nyumbani hapo tarehe 2 Agosti 1922, kwa maradhi yaliyotokana na kisukari. Mwezi Januari mwaka ule ule, Toronto, katika nchi hiyo hiyo, mgonjwa wa kwanza alikuwa amedungwa insulini. Mabel alikuwa ubavuni pake. Walipomzika, simu za Marekani na Canada zilinyamazishwa kwa dakika moja. Mabel alimfuata Januari 1923, miezi mitano baadaye.